Fumbo Langu Lililokosa Jibu

Niwaambie mapema, kabla hamjaambiwa na wengine: mimi ndiye niliyetengeneza fumbo lisilo na jibu, nikalipaka rangi vizuri, nikalifunga kwa gazeti, nikalipeleka mjini likafumbuliwe mbele ya kamera. Si kwamba lilikuwa gumu. Gumu lina heshima yake. Langu halikuwa na jibu hata kidogo, na mimi mwenye kulitengeneza nilikuwa wa mwisho kujua.

Nyinyi vijana mnaopita hapa kwangu Kabiria mkiniita “mzee wa TV” mnadhani nilikuwa nyota. Mimi nilikuwa fundi wa mbao nyuma ya pazia, na hata huko nyuma ya pazia nilikuwa nimesimama nyuma kidogo. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mama yangu alizificha kwenye sanduku la nguo za sikukuu, akalifunga. Sasa mnataka niwaeleze jinsi mtu kama huyo alivyopewa kazi ya kuwasumbua watu akili? Hata mimi sijui. Nitawasimulia tu, labda mtaelewa kunishinda.

Kipindi kilikuwa cha mashindano ya mafumbo, miaka ile ya elfu mbili na kitu, kabla simu zenu hazijawa na mafumbo ndani. Fumbo letu lilikuwa la mbao, la kushikwa kwa mikono. Ubao una shimo lenye umbo fulani, tuseme nyumba au samaki, na pembeni kuna vipande. Mshindani anavipanga vipande mpaka shimo lijae, anagonga kengele. Kwenye raundi ya mwisho wanaingia mmoja mmoja, wa pili akiwa amefichwa chumba kingine asione. Mwenye kumaliza haraka ndiye mshindi. Rahisi kueleza. Lakini mkono wa mtu ukishaanza kutetemeka chini ya zile taa, hata kufunga kifungo cha shati ni fumbo.

Aliyenifunza ni Mzee Oduor, fundi wa mapambo ya jukwaa, mtu aliyevaa kofia ya sufu Januari na Julai. Siku ya kwanza nilimwonyesha fumbo nililolionea fahari: kila kipande rangi yake, kama nguo kwenye kamba. Akalipanga huku akiendelea kupiga hadithi, akanirudishia.

“Umemwambia mtu jibu kisha unamuuliza swali,” alisema. “Paka rangi moja. Mbele na nyuma. Mnyime mtu kujua mgongo ni upi na tumbo ni lipi.”

“Na mimi nitajuaje?”

“Piga alama ya penseli ubavuni. Ndogo. Fundi asiyeweka alama ni mgeni kwenye kazi yake.”

Mafunzo yake ninayo mpaka leo. Rangi isiwe ya kung'aa, maana taa zikiigonga kamera haioni kitu. Pembe zisuguliwe kwa msasa mpaka zisikwaruze, kwa sababu mshindani akichomwa na kibanzi atakumbuka kibanzi tu. Mbao hunywa maji wakati wa masika. Ukikata vipande vibanane sana siku ya jua, siku ya mvua havitaingia hata uvibembeleze. Acha nafasi kidogo, ya karatasi kupita. Na fumbo zuri, alikuwa akisema, ni kama mlango: mtu anausukuma kwa nguvu zake zote, kumbe ni wa kuvuta, na akishajua anajicheka. Akijicheka, umefaulu. Akikutukana wewe, rudi karakana.

Yote hayo niliyashika. La alama ya penseli ndilo nililoliona kama mambo ya wazee.

Shida yangu kubwa ilikuwa mji. Karakana ya kipindi ilikuwa chini kabisa ya jengo moja katikati ya jiji, na mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishuka mjini yale majengo hunitazama kama walimu wa zamu. Nilikuwa nikitoka mlango huu wa jengo najikuta barabara nisiyoijua, narudi ndani, natokea mlango mwingine, wachuuzi wananiuzia soksi nikiwa bado natafuta upande jua linakotoka. Nina soksi za wakati ule mpaka sasa. Basi nikamwomba mtayarishaji wa kipindi, Madam Lydia, niwe natengenezea mafumbo nyumbani.

Akanitazama juu ya miwani. “Sawa. Lakini fumbo lisionwe na mtu yeyote kabla ya siku ya kurekodi. Mtu yeyote. Tumeelewana?”

Nikasema tumeelewana, tena kwa moyo safi kabisa. Sikujua tu kwamba jirani naye huhesabiwa kama mtu.

Hebu fikirieni ploti yetu ilivyokuwa: vyumba vimezunguka ua mmoja, mfereji mmoja, kamba za nguo zimepishana, na choo kule mwisho ambacho kila mtu anajua wewe huenda saa ngapi. Ukikaanga kitunguu, ua wote unajua leo kuna nyama au hakuna. Sasa mimi nitoe meza nje, nikate mbao mchana kutwa, na mtu asione? Wakati wa kungoja maji majirani walikuja kusimama hapo mezani, wakaanza kugusa. Na mimi niliwaacha, kwa sababu nilihitaji kujua mtu hukwama wapi. Fumbo halijaribiwi na aliyelitengeneza, sawa na mpishi asivyojiuliza kama chumvi imetosha akiwa na mafua.

Aliyekuja zaidi ya wote ni Mama Khasoa, wa mlango unaotazamana na wangu. Alikuwa mfumaji wa sweta za shule. Mashine ya kufumia hakuwa nayo. Alikodi ya mtu kule Kawangware, na mwenye mashine alikuwa mtu wa visirani. Leo amempa, kesho amempa mwingine, na wazazi wanakuja kudai sweta shule zikifunguliwa. Nimemwona amekaa kwenye kizingiti na uzi wa bluu mapajani, mikono imetulia, kama mpishi aliyenyang'anywa moto. Mashine yake mwenyewe, hicho ndicho alichokuwa akikitaka duniani. Mengine yote alikuwa akiyatania.

Fumbo la nyumba alilipenda sana. Vipande vyote alivipa majina. Kulikuwa na Nundu, kulikuwa na Mama Mzito, na kulikuwa na kimoja chenye ncha ya kukatwa mshazari alichokiita Kiguu.

“Kiguu analala chini ya dari,” alikuwa akisema, anakisukuma mahali pake, tap! “Baba Njoki, hii ndio kazi unalipwa? Hata mtoto wa nursery atamaliza.”

“Wewe umeizoea tu.”

“Na wewe hujaizoea? Mbona jana ulikwama?”

Nilikuwa nimekwama, ni kweli. Tuendelee.

Siku moja akaja mbio kutoka mjini, leso imeanguka begani. Alikuwa amepanga foleni ya mchujo wa kipindi chetu bila kuniambia, akapita. Na zawadi ya mshindi wa kipindi kile ilikuwa nini? Mashine ya kufumia sweta, mpya, ingali kwenye boksi.

“Baba Njoki! Mungu ameniona!”

Mimi nikasema, “Hongera,” halafu nikaanza kukusanya vipande mezani kwa haraka. Kwa sababu mimi nilikuwa najua jambo ambalo yeye hakulijua: fumbo ambalo Madam Lydia amelichagua kwa raundi ya mwisho ni lile la nyumba.

Vijana, nilikaa na jambo hilo kama mtu aliyekalia sindano akiwa kanisani. Nikimwambia Madam ukweli, Mama Khasoa ataondolewa na mimi pia. Nikinyamaza, atashinda kwa fumbo analoliweza akiwa amefumba macho, na kuna mwenzake atakayekuwa ameonewa. Nilimuuliza mke wangu. Akasema, “Wewe ndiye ulikuwa unatoa meza nje.” Hilo halikuwa jibu. Kwa hiyo nikatafuta njia ya tatu, na nawausia: mkiona akili yenu imewaletea njia ya tatu, kaeni chini kwanza mnywe maji.

Nilimwendea Mama Khasoa, nikamwambia, “Ukiniona huko studio, usinisalimie.”

Akaacha kukunja uzi. “Kwani nimekukosea?”

“Hapana.”

“Ni ile sufuria? Nilirudisha.”

“Si sufuria. Wewe jifanye hunijui.”

“Nijifanye sijui mtu tunaishi mlango kwa mlango? Hiyo si ni kudanganya?”

“Sijui,” nikamwambia, na hilo ndilo neno la kweli nililosema wiki ile yote.

Njia yangu ya tatu ilikuwa hii: nitabadilisha fumbo lenyewe. Nikaichonga upya sehemu ya dari ya ile nyumba, nikakata kipande kipya chenye mshazari mkali zaidi kichukue nafasi ya Kiguu. Vipande vingine vikabaki vilevile ila jibu likawa jipya. Akilifumbua hilo, atakuwa amelifumbua kwa haki. Nikapaka rangi, ileile moja, mbele na nyuma. Nikaweka Kiguu cha zamani na ndugu yake mpya mezani vikauke. Vilifanana kama mapacha. Alama ya penseli sikuweka, maana nilijua moyoni ni kipi ni kipi. Moyoni!

Asubuhi ya kurekodi, mezani palikuwa na kipande kimoja tu. Nikaona sawa, kile kingine nitakuwa nimekitupa jana. Nikakifunga kwa gazeti pamoja na wenzake, nikashuka mjini, nikapotea, nikanunua soksi, nikafika.

Mama Khasoa aliingia raundi ya mwisho akiwa amevaa rinda lake la harusi za watu. Mwenzake alikuwa Kevin, kijana karani kutoka mtaa wa Satellite, aliyefichwa chumba cha pili. Mimi nilisimama kando ya pazia na aproni yangu. Aliniona. Akageuza uso upande mwingine kwa nguvu kiasi kwamba mtu yeyote angejua ananijua.

Kengele ikalia. Akaanza. Mama Mzito akaingia, Nundu akaingia, watu wakapiga makofi. Halafu akashika kile kipande cha mwisho, akakigeuza, akakigeuza tena, akakiinua kwenye taa. Nikaona midomo yake ikisema kitu. Hakuhangaika kukisukuma. Akakiweka mezani, akagonga kengele.

“Hii haina jibu,” akasema.

Mwendesha kipindi akacheka kwa meno yote. “Mama, umekata tamaa?”

“Sijakata kitu. Nasema haina jibu.”

Madam Lydia akasimamisha kamera, akaniita. “Fundi, njoo uonyeshe jibu, tuendelee.”

Nikatoka nyuma ya pazia. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga jukwaa taa zikiwa zimewashwa. Nikatoa vipande vyote kwa madaha, nikavirudisha kimoja kimoja, nikafika cha mwisho. Hakikuingia. Nikakigeuza. Hakikuingia. Nikaanza upya. Nikaweka Nundu mahali pa Mama Mzito, nyumba ikawa kama imepigwa na lori. Watazamaji wakaanza kucheka, kwanza kwa adabu, halafu bila adabu. Jasho likaniingia machoni. Sikuwa nikielewa tena kama natafuta jibu la zamani au jipya, au kama niliwahi kweli kuwa fundi. Nikakiegemea kile kipande kwa kiganja, nikasukuma kwa uzito wa mwili wote.

Hapo ndipo Mama Khasoa aliponionea huruma. Mdomo wake ulikuwa umevumilia vya kutosha.

“Baba Njoki, wacha kusukuma, utavunja! Hicho ni Kiguu. Na dari umebadilisha. Kipande chake umekiacha wapi?”

Kipaza sauti chake kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana.

Madam Lydia akavua miwani. “Nyinyi mnajuana?”

Nikajibu, “Tunajuana kidogo.”

“Kidogo?” Mama Khasoa akaruka. “Kidogo na choo ni moja?”

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini. Mimi na yeye hatukucheka. Nilimwona anaelewa polepole, kama mtu anayesikia maji yakikauka mferejini, kwamba ameniokoa na kujizamisha mwenyewe. Jinsi alivyolitambua kosa ndivyo ilivyojulikana kwamba vipande alikuwa amevizoea. Angekaa kimya, Madam angeleta fumbo lingine, naye pengine angeshinda kwa haki kabisa. Au pengine asingeshinda. Hesabu hiyo nimeifanya miaka yote na kila nikiifanya inatoka tofauti.

Walimwondoa. Kwa upole, na chupa ya chai yenye nembo ya kipindi. Kevin akaletwa, akapewa fumbo la zamani la samaki, akalipanga akiwa peke yake bila mtu wa kumkimbiza, kijana wa watu akilitazama kila pezi kama anasoma mkataba. Akapewa mashine ya kufumia. Akauliza, mbele ya kamera, “Hii ni ya nini?”

Nilirudi nyumbani nikakuta mke wangu anakata sukuma kwenye meza ya jikoni. Ile meza kwa miaka ilikuwa inayumba. Siku ile ilikuwa imetulia kama madhabahu. Nikainama nikatazama. Chini ya mguu mmoja, kimekaa kama kabari safi kabisa, kilikuwa ni kile kipande kipya.

“Nilidhani ni takataka zako,” akasema. “Imeingia vizuri, hata sikusukuma.”

Kipindi kiliporushwa, ploti nzima ilijazana kwangu kutazama. Walikuwa wamekata ile sehemu yote. Mama Khasoa anaonekana anaweka Nundu, makofi, halafu hayupo. Kevin yupo, anakumbatia boksi. Majirani wakaniuliza mama amekwenda wapi. Mimi nikatazama televisheni kama wao, na niwaambie, hata mimi niliyekuwepo sikuelewa amekwenda wapi.

Madam Lydia hakunifukuza. Adhabu yake ilinijua vizuri zaidi: kuanzia siku ile kazi yote nitafanyia karakana ya mjini, kila siku, karibu na Mzee Oduor. Mzee alisikia habari nzima, akaniletea penseli. Penseli tu, imechongwa, akaiweka sikioni mwangu mwenyewe kama anamvisha bibi harusi ua. Nilibaki na mzee mpaka alipostaafu, kisha mpaka mafumbo yakahamia kwenye kioo cha simu na kwa vijana wenye kompyuta, wanaofuta kosa kwa kidole kimoja. Nawaonea wivu. Kosa langu mimi lilikuwa la mbao. Halifutiki, unaweza tu kuliweka chini ya meza.

Lakini mnataka kujua kuhusu Mama Khasoa, naona mnavyonitazama.

Wiki mbili hivi hakunisalimia, safari hii bila kuombwa. Halafu nikamwona anatoka na mfuko wa nyuzi kila asubuhi, anashika njia ya Satellite. Kumbe kule nyuma ya jukwaa, wakingoja kuitwa, yeye na Kevin walikuwa wamepiga gumzo, akamwambia anaishi wapi. Basi akaenda akabisha hodi. Akaikuta mashine imekaa chumbani, kijana ameanika suruali juu yake. Mama Khasoa akamwambia, “Mwanangu, wewe una mashine, mimi nina mikono. Suruali itafute kamba.” Wakapatana. Akafuma kule msimu mmoja, sweta za watu zikitoka kwa wakati, mapato wakigawana. Kevin alipoleta mchumba, mchumba akasema chumba ni kidogo, ama yeye ama hilo lidude. Lidude likaja Kabiria juu ya mkokoteni, likipita katikati ya ua wetu kama bwana harusi, na halijaondoka mpaka leo. Kevin alisamehe hata ule mgawo watoto wake walipoanza kuvishwa sweta bure.

Kwa hiyo alishinda au alishindwa? Nimestaafu, nina muda mwingi na miguu mizito, na swali hilo ndilo fumbo pekee ninalolipanga siku hizi. Ningeweka alama ile ya penseli, ningepeleka kipande sahihi, yeye pengine angekwama kwenye dari mpya na Kevin angekuwa amemshinda machoni pa watu. Nisingetoa meza nje, asingeyapenda mafumbo wala kupanga ile foleni. Nikigeuza kipande hiki, kile kingine kinakataa.

Juzi nilibeba kiti changu nikaketi mlangoni kwake, yeye akiwa kwenye mashine, inaenda na kurudi, shaa, shaa. Nikamwambia nimefikiri sana, na kwa maoni yangu, ukiangalia mambo kwa upana, huenda lile kosa langu ndilo lililomsaidia kupata mashine.

Hakuinua kichwa. Alisema:

“Baba Njoki, wewe hukunisaidia, ulinichanganya. Mimi nilijisaidia, na ukichunguza vizuri, hata wewe ni mimi nilikusaidia. Sasa toa mguu hapo, umekanyaga uzi.”